Sarafu Iliyogoma Kutoka

Jua lilikuwa limeshazama mke wa fundi saa alipomtuma mumewe maziwa dukani.

"Na usikawie, Baba," binti yao akadakia kutoka jikoni. "Ukiona sarafu mbovu unasahau kama una nyumba."

Fundi saa akacheka. Mtaa mzima uliujua ugonjwa wake: kila chenji aliipekua akitafuta zilizokosewa kiwandani. Iliyochapwa pembeni. Iliyorudiwa herufi.

Akiwa njiani kurudi, akapapasa chenji mfukoni. Kidole gumba kikazama kwenye shimo la sarafu moja.

Karakana yake ilipakana na jikoni, ukuta mmoja tu katikati. Akaingia mara moja, akaweka maziwa chini, akawasha taa ya mezani, akabana kioo cha kukuzia kwenye jicho la kushoto, lile lenye kovu.

Upande mmoja, uso wa mtu, umeinuka kama kawaida. Upande wa pili, uso uleule, umegeuzwa, umebonyea ndani kama unyayo kwenye tope.

Moyo ukamruka kwa furaha. Kasoro hii aliisikia tu. Sarafu moja hugoma kutoka, hunasa kwenye mashine. Inayofuata hugandamizwa juu yake, ikabeba sura yake kinyume.

Akainamisha kichwa kushoto. Uso uliobonyea ukamfuata.

Kulia.

Ukamfuata.

"Macho tu haya," akanong'ona.

Ndipo akanusa chuma cha moto... Akainama zaidi. Uso ule haukuwa tena wa mtu wa kwenye sarafu.

Ulikuwa wake.

Akataka kuinuka. Kitu kipana, baridi, kikamkandamiza usoni.

"Nilinasa siku nyingi," sauti ikasema, mdomoni pake kabisa. "Ahsante kwa kuja."

Kishindo kimoja.

Alipofumbua macho, taa ilikuwa juu yake, kubwa kama dari. Akaona mgongo wake mwenyewe, ndani ya shati lake, ukitoka na maziwa.

Akaita. Mdomo ulikuwa umezama.

Ng'ambo ya ukuta, kiti kikaburutwa.

"Umekawia, mume wangu."

"Foleni." Sauti yake. Hata kile kikohozi chake.

Kisha binti yake: "Baba... kovu lako si lilikuwa jicho la kushoto?"

Kikombe kikawekwa mezani.

"Una macho makali, mwanangu. Hebu nenda karakana. Nimeacha sarafu mezani, haijapata kutokea. Itazame upande uliobonyea."

"Kha! Leo unaniruhusu kugusa?"

"Inama uione vizuri."

Ndala zikaja zikiburuzika. Usije, mwanangu. Rudi. Akasukuma kwa nguvu zake zote. Hata ukope haukutikisika.

Mlango ukalia.

Uso wa binti yake ukatokea chini ya taa, ukitabasamu, ukisogea. Akainamisha kichwa kushoto. Akainamisha kulia.

"Mbona inanifuata?"

Harufu ya chuma cha moto ikajaa chumbani.

Na baba yake akahisi, kwanza pua, kisha midomo, uso wake unaanza kuinuka kutoka kwenye sarafu, kuuelekea wa binti yake.