Sindano Moja kwa Boma Zima

Ndugu wafugaji, nisikilizeni. Mwaka 1982, kule Enguserosambu, Nareyu alikuwa akikamua asubuhi, maziwa yakijaa kibuyu taratibu. Alipoegemeza kichwa ubavuni mwa ng'ombe wake mwekundu, akahisi uvimbe mgumu mbele ya paja, mkubwa kama ngumi.

"Ni jipu," alisema mumewe, Senteu. Yeye ndiye aliyekuwa na bomba la sindano, na majirani wote walimwita awachomee ng'ombe.

Mwezi huohuo akafika Cresensia, bibi mifugo kutoka Karatu, kupima damu ya ng'ombe. Akaeleza kwamba kuna virusi vinavyowaletea saratani, na ng'ombe huweza kukaa navyo miaka mingi akiwa amenona. Senteu akaogopa kunyang'anywa mifugo. Akaficha ng'ombe ishirini bondeni, yule mwekundu akiwemo.

"Ni hawa tu," akamwambia mgeni.

Nareyu alijua ni uongo, na jambo hilo likamchoma. Siku ya tatu ng'ombe mwekundu akaanguka, akafa. Nareyu akamfuata Cresensia boma la jirani.

"Bibi mifugo, njoo bondeni. Wamebaki kumi na tisa."

Senteu alipowaona alikasirika. "Mama Tajewo, umeniaibisha."

"Aibu itapita, Baba Tajewo. Ng'ombe wakiisha, watoto watakunywa nini?"

Cresensia alimpasua yule aliyekufa, akawaonyesha uvimbe uliofika hadi moyoni. Kisha akauliza, "Mzee, sindano yako huichemsha?"

"Huifuta tu. Ni hiyohiyo, miaka minne."

"Basi umekuwa ukitoa damu ya mgonjwa na kumtia mzima."

Senteu akakaa chini. "Na ng'ombe wa majirani?"

"Nao."

Damu ikapimwa, na majibu yalipokuja, ng'ombe sita wa Senteu walikuwa na virusi. Hapo ndipo alipofanya jambo gumu: alipita boma kwa boma akisema mwenyewe alichokifanya. Jirani yake Moloimet hakumsalimia kiangazi kizima. Lakini hata yeye alileta ng'ombe wake wapimwe.

Wagonjwa wakatengwa, sindano zikachemshwa. Miaka mitatu baadaye ndama wote wa Nareyu walipimwa, wakaonekana wazima.

MAFUNZO

Usimfiche ng'ombe mgonjwa, wala usiamini unono wake, mpime. Sindano isiyochemshwa isitoke kwa ng'ombe mmoja kwenda kwa mwingine. Na ukiwa umewadhuru majirani bila kujua, waambie mapema, wapate kuokoa walichobakiwa nacho.