Jaribu Kwako Kwanza

Walikutana kwenye duka la vifaa vya kompyuta, penye msongamano wa watu na kelele. Mshonaji alikuwa amevaa gauni la kijani alilolikata mwenyewe, likamkaa vizuri, na kompyuta kuukuu ameikumbatia kifuani.

"Dada, hiyo usiitupe," alisema kijana wa miwani aliyekuwa nyuma yake. "Inataka Linux tu, mfumo mwepesi wa kuiendesha."

"Na wewe unataka nini?"

"Namba yako."

Akacheka, akampa.

Kijana alikuwa akiunda programu nyepesi ya kusakinisha na kuondoa programu nyingine kwenye mashine zilizochoka. Kila jioni simu iliita.

"Malkia, leo imekubali!"

"Hongera, Profesa. Mimi leo kola imenigomea."

Siku moja akaenda kuijaribu kwenye kompyuta ya mshonaji. Majaribio hufanywa ndani ya folda ya kando, ili mashine yenyewe isiguswe. Lakini macho yake yalikuwa kwa mwenye gauni. Akasahau kuitaja folda hiyo kwenye amri ya kuondoa, akabonyeza. Programu ya mshonaji ya kuchorea mitindo ya nguo ikafutika, na mteja wa sare za kwaya alikuwa njiani kuja kuchagua mtindo.

"Michoro yako ipo, mpenzi, ila kwa sasa haifunguki..."

"Kwa nini hukujaribu kwenye yako?"

"Yangu ina kazi zangu."

Kweli ulimi hauna mfupa.

"Na yangu ina nini? Takataka?"

Mteja akaenda kwingine. Simu za kijana zikaita bila kupokewa, naye akakosa hata hamu ya kula. Simcheki, alipenda kweli.

Mwishowe akaja mwenyewe pale mshonaji na dada yake waliposhonea, kompyuta yake kwapani.

"Mdogo wangu," dada mtu alisema bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, "mfukuze au mpe kiti. Ananizibia mwanga."

Akapewa kiti. Akaijenga upya programu ya kuchorea, hatua kwa hatua, mpaka michoro yote ikafunguka. Kisha akafungua kompyuta yake.

"Nimeweka kizuizi. Usipotaja folda ya majaribio, amri inagoma. Ijaribu hapa kwangu. Bonyeza wewe, bila kutaja folda."

"Ikifuta kazi zako? Una nakala?"

"Sina."

Mshonaji akamtazama, akaona jasho. Akabonyeza.

Amri ikagoma. Kijana akashusha pumzi.

"Uliogopa?"

"Sana."

"Ndivyo nilivyoogopa mimi siku ile."

"Nisamehe, Malkia."

Mshonaji akachukua futi ya kupimia, akamzungushia mabegani. "Simama wima. Nakushonea suti."

"Suti ya nini?"

Cherehani ikanyamaza.

"Ya kwendea kwa mama," dada mtu akajibu, "shemeji!"