Kigoda cha Magunzi ya Babu

Kila alipotoka shule, Chiriku alipitia karakana ya shangazi yake. Aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Shangazi alikuwa akisaga magunzi ya mahindi, akachanganya unga wake na plastiki ya madumu makuukuu iliyoyeyushwa, kisha akaushindilia mchanganyiko huo kwenye kalibu na kupata vigoda imara.

Siku moja magunzi yalikuwa debe moja tu, ya mavuno ya mwisho ya shamba la babu. Babu alikuwa ameshafariki na shamba lilikuwa limeuzwa. Bibi alitamani kitu cha kumkumbusha zile jioni walipokaa wawili, wakipukuchua mahindi na kutaniana, hivyo Shangazi akaamua kumtengenezea kigoda cha magunzi hayo.

"Mwanangu, pima unga, ukaushe, kisha upime tena," Shangazi alimwagiza. "Uzito ukigoma kushuka, ndipo umekauka. Usiuamini mkono."

Lakini nje wenzake walikuwa wakiruka kamba. Chiriku aliupima unga mara moja, akaukausha kidogo, akaugusa, akauona mkavu, akatimua mbio.

Kigoda kilitoka kwenye kalibu kikiwa na matundu tele. Shangazi alipokikalia, mguu mmoja wa kigoda ulivunjika.

"Yule muuza madumu ameniuzia plastiki mbovu!" alifoka. "Leo atanitambua!"

Chiriku alitazama debe tupu, machozi yakamtoka.

"Shangazi, muuza madumu hana kosa. Sikupima mara ya pili. Nimeharibu magunzi ya babu."

Shangazi alishusha pumzi. "Kumbe! Unyevu uligeuka mvuke ndani ya plastiki, ukaacha matundu haya. Nyamaza basi. Tutakisaga hiki, tukaushe, tuyeyushe upya."

Safari hii Chiriku alikausha na kupima mpaka mizani ikakataa kusogea. Wenzake walimwita, hakutoka.

Jioni bibi alikikalia kigoda kipya, akayapapasa madoa ya kahawia ya magunzi.

"Babu yako angenicheka," alisema. "Angesema, 'Bibi wee, umeyapukuchua miaka yote, leo umeamua kuyakalia!'"

Akacheka mwenyewe hadi akafuta macho. Alimkumbuka mno mzee wake.

Shangazi alimshika Chiriku bega. "Ukikosea, sema mapema, wakati jambo bado linatengenezeka. Ungenyamaza, ningegombana na mtu bure, vipande vile ningevitupa jalalani, na bibi yako asingecheka leo."