Kituo cha Taka Juu ya Kisima

Malaba huamshwa na honi za malori. Alfajiri madereva huwa wamejipanga barabarani, wakingoja kuvuka kwenda Uganda. Wana usingizi na baridi. Wanataka chai, na Apeduno ndiye huwauzia.

Kila siku, kabla ya kuwasha jiko, Apeduno huenda kisimani. Kisima hicho ni cha majirani wote. Walikichimba pamoja, wakakijengea ukuta na kukiwekea mfuniko. Zamani walikuwa wakiteka maji kijitoni, na watoto wakiharisha. Binti yake mkubwa, Apolot, alilazwa hospitalini mpaka akabaki mifupa. Tangu kisima kichimbwe, ugonjwa ule haukurudi.

Asubuhi moja Apeduno alikuta wanaume wanachimba kwenye ploti iliyo juu ya kisima. Ploti hiyo ilikuwa imekaa bure muda mrefu, nyasi zimeota mpaka kiunoni.

"Habari ya kazi?" aliwasalimu. "Mnajenga nyumba hapa?"

"Si nyumba, mama," mmoja alijibu. "Tunaangalia udongo. Boss anataka kuweka kituo cha taka."

"Taka gani?"

"Takataka za mji. Zitaletwa hapa, zichambuliwe. Zile zinauzika zitaenda viwandani. Zingine zitangoja kwa shimo mpaka lori izichukue."

Apeduno aliitua ndoo chini. Alitazama pale walipokuwa wakichimba, kisha akatazama kisima. Mvua ikinyesha, maji yote ya ile ploti huteremka upande wa kisima. Siku hiyo aliunguza mandazi, na madereva wakamtania.

Jioni habari ilikuwa imeenea. Majirani walijaa uani kwake. Mumewe, Emorut, ambaye huendesha boda boda, hakutaka hata kuketi.

"Kesho tunang'oa nguzo za ua wa ploti ya huyo boss!" alisema.

"Kung'oa tu? Tuchome!" alisema mzee Ikapel, jirani wao. "Yeye alituuliza? Anatuona sisi takataka?"

Wengine walipiga makofi. Apeduno hakupiga. Aliona mbele: polisi, pingu, mumewe ndani ya seli, na kituo kikijengwa vilevile. Aliingia ndani akampigia simu wifi yake, Brigid, dada ya Emorut. Brigid ni afisa wa afya ya umma huko Nambale.

"Wifi, waambie wasiguse kitu cha mtu," Brigid alisema. "Wanisubiri. Kesho nakuja."

Brigid alifika akiwa amevaa viatu vya shambani. Hakutaka chai kwanza. Alitaka kuiona ploti. Alizunguka ua wake polepole, Apeduno na Emorut wakimfuata. Kwenye kona alizipinda nyasi kwa mkono. Nyuma ya nyasi hizo palikuwa na bango.

"Hili mmelisoma?" aliuliza.

"Hilo si la kuuza ploti?" alisema Emorut. "Mabango ya kuuza ploti yako kila mahali."

"Hapana, kaka. Limeandikwa Kiingereza, lakini linawahusu nyinyi. Linasema mwenye ploti, Bwana Ouko, ameomba kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi. Hapa ni mahali pa makazi. Yeye anataka pawe mahali pa biashara ya taka."

"Si ploti ni yake? Mtu akinunua shamba si anafanya anachotaka?"

"Shamba ni lake, ndiyo. Lakini moshi haujui mpaka wa shamba. Harufu haijui. Maji hayajui. Ndiyo maana lazima aombe ruhusa kwa ofisi ya mipango ya ardhi ya kaunti. Na kabla ofisi haijakubali, majirani lazima wajulishwe na wasikilizwe. Tena kituo kama hiki kinahitaji leseni ya mazingira. Mtaalamu achunguze kwanza kitadhuru nini."

Emorut alilitazama bango tena. Kisha akasema, "Basi tutaandika kwamba tunakataa. Imeisha."

"Mna haki ya kupinga," alisema Brigid. "Lakini mkiandika 'hatutaki' peke yake, afisa atajuaje mnaumia wapi? Andikeni sababu. Andikeni pia mnataka kitu gani kibadilishwe. Na mfanye haraka. Bango linatoa wiki mbili tu, na limekaa hapa siku nyingi. Ijumaa ndiyo mwisho."

"Ijumaa ni kesho kutwa!" alisema Apeduno.

"Ndiyo. Sasa mnaweza kunipa ile chai."

Kazi ilianza hapohapo. Apeduno na mwanamke jirani, Mugeni, walivuta kamba kutoka kwenye shimo hadi kisimani, wakapima. Emorut alipiga picha kwa simu: shimo, kisima, na njia ambayo watoto hupita kwenda shule. Brigid aliandika, lakini maneno yalikuwa ya Apeduno.

"Andika kwamba maji yanateremka," alisema. "Andika kwamba tunakunywa hapo. Andika kwamba geti lake litafungukia njia ya watoto."

Mzee Ikapel alikuja kuchungulia. Aliona ni mchezo wa kupoteza muda. "Barua itazuia lori?" aliuliza. Hata hivyo alipoona wenzake wote wanatia sahihi, naye alibonyeza kidole gumba kwenye wino.

Kesho yake Emorut alimpeleka mkewe Busia, makao makuu ya kaunti, kwa pikipiki. Katika ofisi ya mipango, Apeduno alifanya kama Brigid alivyomwagiza. Alitoa barua pamoja na nakala yake. Moja ilibaki ofisini. Ya pili iligongwa muhuri wa kupokelewa, akarudi nayo nyumbani.

Majirani waliitwa kwenye mkutano wa kutoa maoni. Ulifanyika katika ukumbi wa kanisa. Alikuja afisa wa mipango, mama mmoja aitwaye Adoyo. Alikuja pia Bwana Ouko mwenyewe. Apeduno alikuwa amemfikiria mtu mwenye kitambi na miwani ya jua. Kumbe ni mtu mwembamba, mpole, shati lake limelowa jasho.

Ouko alisema, "Wazazi wangu, na mimi ninaishi Malaba. Sitaki kumwua mtu. Lakini niulize. Huyu mama anauzia madereva chai. Vikombe na chupa zao zinaenda wapi?"

Watu walimgeukia Apeduno. Masikio yalimwaka moto, lakini alisimama.

"Zinatupwa kwa mtaro," alisema. "Huo ni ukweli. Mvua ikinyesha, mtaro unaziba. Na zangu mimi huchoma nyuma ya nyumba, watoto wanakohoa. Kwa hivyo sisemi mji usiwe na mahali pa taka. Ninasema shimo lako liko juu ya maji yetu. Kama wewe ungekuwa unakunywa pale kisimani, ungelichimba hapo?"

"Kisima kipi, mama?" Ouko aliuliza.

Adoyo alikunjua ramani ya Ouko mezani. Nyumba zilikuwepo. Barabara ilikuwepo. Kisima hakikuwepo.

"Hiki mnachosema, mimi sikioni hapa," alisema Adoyo. "Kesho nitakuja nikione kwa macho yangu."

Na kweli alikuja, pamoja na mtaalamu wa mazingira. Waliinua mfuniko. Walifuata alama ambazo maji ya mvua yalikuwa yameacha ardhini. Walipima tena kwa utepe wao. Hawakusema wanaamua nini. Waliaga, wakaenda zao.

Kungoja ndiko kulikokuwa kugumu. Kila gari likipunguza mwendo barabarani, Apeduno aliacha jiko akatoka kuchungulia. Mume wake alirudia kusema, "Tungechoma tu." Lakini hakuwa akisema kwa nguvu kama mwanzo.

Jibu lilipokuja, Brigid aliwasomea.

"Ouko amepewa kibali," alianza.

"Si niliwaambia!" Mzee Ikapel alipaza sauti.

"Mzee wangu, ngoja nimalize. Amepewa kwa masharti. Hataruhusiwa kuchimba shimo lolote. Banda la kuchambulia taka litakuwa upande wa pili wa ploti, kule maji yanateremkia mbali na kisima. Sakafu iwe ya saruji, na juu kuwe na paa. Geti lifungukie barabara kubwa. Hakuna kuchoma kitu. Hakuna taka za hospitali. Maji ya kisima yatapimwa mara kwa mara, na majirani wachague kamati ya kukagua kituo."

"Na akivunja masharti?" aliuliza Mugeni.

"Mnaripoti kwa kaunti na kwa ofisi ya mazingira. Kibali kinaweza kufutwa. Na kama kuna mtu hajaridhika leo, sheria inamruhusu kukata rufaa. Kuna asiyeridhika?"

Watu walitazamana. Mzee Ikapel alikuna kidevu. "Hakuna shimo kabisa?" aliuliza.

"Hakuna kabisa."

"Basi," alisema mzee. "Basi, eyalama." Ndivyo Wateso wanavyoshukuru.

Apeduno aliketi kwenye benchi. Alivuta pumzi ndefu, akaitoa, na akahisi kama ametua gunia la mahindi alilolibeba wiki nyingi. Brigid alimshika bega.

Siku hizi gari la taka hupita mara mbili kwa wiki. Apeduno ana magunia mawili kwenye kibanda chake cha chai: moja la chupa za plastiki, moja la maganda na mabaki. Hachomi tena kitu nyuma ya nyumba, na watoto wanalala bila kukohoa. Mtaro wa barabarani sasa unapitisha maji. Harufu kidogo ipo siku za joto. Ouko alipoambiwa na kamati, aliongeza siku za kusafirisha taka, ikapungua.

Na mwenyekiti wa kamati ni nani? Mzee Ikapel. Alipendekeza jina lake mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumpinga.

Siku ya ukaguzi wa kwanza alifika amevaa koti la Jumapili na mabuti ya mpira. Alisimama getini mikono nyuma, kama mkaguzi wa serikali. Aliinama akanusa sakafu. Aliamuru banda lifagiliwe tena, ingawa lilikuwa safi.

"Bwana Ouko," alisema, "sisi majirani hatuchezi."

"Najua, mzee," Ouko alijibu. "Nawajua vizuri sana."

Apeduno, ambaye pia yuko kwenye kamati, aligeuka upande akaziba mdomo kwa kanga. Kicheko kilimshinda. Kilianza kidogo, kisha kikamtoka chote, mpaka Emorut, aliyekuwa amewafuata, naye akaanza kucheka, na Ouko pia, hata mzee mwenyewe, wote wanne wamesimama kwenye saruji kavu mchana kweupe.