Redio ya Bibi Evdoxia na Kamba ya Kengele

Kijijini kwetu Kalamohori tuliishi kwa kengele ya kanisa. Ililia kwa sala za asubuhi na jioni, ililia mtu akifa, ililia mtu akioa, na ililia mto ulipopanda. Nyumba ya Bibi Evdoxia ndiyo ya mwisho kabla ya tuta la mto, lile boma la udongo la kuzuia maji. Yeye hakuwa hata na saa ukutani. Alikanda mkate na kukama mbuzi wake kumi na mmoja kwa kufuata kengele hiyo.

Mwaka mmoja kamati ya kanisa ilinunua mota ya umeme. Sasa mtu alibonyeza kitufe tu, na kengele ikalia yenyewe. Stergios, mwenye mkahawa, ndiye aliyesimamia kamati. Aliikata kamba ya zamani akaitupa, nasi tukampigia makofi. Hakuna aliyeuliza kengele italiaje umeme ukikatika. Hata mimi sikuuliza, na mimi ni mwalimu.

Kiangazi hicho simu zetu zilipiga kelele mara tatu. Ulikuwa ule ujumbe wa dharura wa serikali, unaolia kama king'ora. Mara zote tatu ulihusu moto wa msituni, na moto haukutufikia. Vaios, mwana wa Bibi Evdoxia, alichoka nao. Akauzima kwenye simu yake na kwenye simu ya mkewe, Asimina. Kisha akawazimia na wenzake mkahawani, huku wakicheka.

Septemba mvua ilinyesha siku mbili bila kupumzika. Asubuhi ya siku ya tatu umeme ulikatika. Mzee Lambros akafika mkahawani kwa baiskeli, amelowa chapachapa. Kwa miaka thelathini alikuwa mtu wa mawasiliano kwenye meli za mizigo. Alipostaafu aliweka nyumbani kwake redio ya upepo, ile ya betri ya kuzungumza na watu wa mbali, na antena ndefu juu ya paa. Alisema rafiki yake anayetumia redio kama hiyo katika mji wa juu ya mto ameona tuta limebomoka. Maji yangetufikia mchana huo huo. Akatusihi tuondoke.

"Nahodha, huku hakuna bahari," Stergios alimwambia. "Kaa unywe kahawa."

"Na kengele haijalia," Vaios akaongeza.

Kweli ilikuwa haijalia. Ingelia vipi bila umeme?

Maji yalifika saa nane mchana. Bibi Evdoxia alipanda juu ya meza, kisha juu ya kabati. Alikaa huko kwa saa nne. Aliwasikia mbuzi wake wakilia, kisha hakuwasikia tena. Vaios alimtoa kwa trekta, na alilia njia nzima. Mama yake hakulia. Alikuwa na hasira.

Wiki moja baadaye yeye, Vaios na Asimina walikuwa wakikwangua matope ukutani kwake. Vaios akasema lililokuwa moyoni mwake. Alitaka mama yake ahamie mjini Larisa, akae kwa dada yake Vaios, ghorofa ya nne.

"Sihami," alisema Bibi Evdoxia.

"Mama, nilikukuta juu ya kabati kama paka."

"Ulinikuta juu ya kabati kwa sababu ulingoja kengele. Na mimi niliingoja. Mbona hiyo kengele huipeleki Larisa?"

Asimina aligeuza uso ili asicheke. Kisha akawapatanisha. Mama apewe muda. Mafuriko yakija tena, naye akiwa wa kwanza kutoka, abaki nyumbani kwake. Akichelewa, ahamie Larisa bila neno. Wote wawili walikubali, kila mmoja akidhani ameshinda.

Kesho yake Bibi Evdoxia alibisha hodi kwa Lambros.

"Nataka kujua mapema," alisema. "Kabla ya huyo wa mkahawa."

Lambros akampa redio ndogo ya betri. Ilikuwa na mkono wa kuzungusha, betri zikiisha.

"Umeme ukikatika, televisheni inazimika," alieleza. "Minara ya simu ina betri zake, lakini baada ya saa chache inaweza kunyamaza. Redio hii utaendelea kuisikia. Mtambo wa matangazo uko mlimani, na una jenereta."

"Na wakikosea?"

"Watakosea siku moja moja. Ukiondoka bure umepoteza mchana. Wakisema ondoka, ondoka. Usingoje mtu wa pili aje kukuhakikishia."

Alimfundisha mengine. Mvua kubwa ikitangazwa, achaji simu mapema. Mtandao ukilemewa, aandike ujumbe mfupi badala ya kupiga, kwa sababu ujumbe hupita hata pale sauti inaposhindwa. Betri za akiba azitie kwenye kopo kavu, aliweke juu. Habari za uvumi asizipeleke kwa mtu. Asikilize idhaa ya taifa kila saa inapoanza. Asimina naye aliuwasha tena ule ujumbe wa dharura. Kisha akaingia mkahawani na kuwataka wanaume watoe simu zao mezani. Walinuna, lakini walizitoa.

"Na asiye na redio?" Bibi Evdoxia aliuliza. "Na aliyelala?"

Lambros aligeukia dirisha. Alitazama mnara wa kanisa.

Bibi akaenda kwa Stergios kudai kamba. Stergios alisema kamba itaharibu mota, na kwamba kamati itakaa. Kamati ilikaa mara tatu. Wao wakiendelea kukaa, Bibi Evdoxia alifukua kamba za mbuzi wake kutoka kwenye matope. Alizifua, akazisuka pamoja. Lambros alifunga viungo kwa mafundo ya meli. Vaios alipanda mnarani akiguna, akaifunga kwenye kengele. Ngazi niliishika mimi. Ruhusa hatukuomba, na sijuti.

Novemba ya mwaka uliofuata mvua ilirudi. Umeme ulikatika saa nne asubuhi. Saa tano kamili Bibi Evdoxia alikuwa ameketi, redio iko mapajani. Mtangazaji alitaja vijiji vya bondeni kimoja kimoja. Alipotaja Kalamohori na kusema watu waende mahali pa juu mara moja, simu zetu nazo zikapiga kelele. Bibi hakungoja mtu. Alichukua mfuko aliouandaa: dawa, vitambulisho, maji, betri. Akaivaa redio shingoni, akaenda kanisani, akaanza kuvuta.

Stergios alikuja mbio.

"Nani amekuruhusu kugusa kengele?"

"Mbuzi wangu kumi na mmoja," alijibu, bila kuacha kuvuta. "Mchukue mama yako, mwende shule ya mlimani. Redio imesema."

Stergios aliitazama ile kamba. Kisha akaenda kumchukua mama yake.

Saa saba nilisoma majina shuleni. Tulikuwa watu mia moja arobaini na wawili. Aliyekosekana alikuwa mmoja tu. Vaios alirudi na trekta, akamkuta mama yake bado anavuta kengele, mikono imechubuka. Hakuacha mpaka alipoona kila nyumba imefungwa. Walifika shuleni saa saba na nusu. Saa moja baadaye maji yaliingia kijijini. Hayakumkuta mtu.

Bibi Evdoxia alikaa karibu na jiko, akizungusha mkono wa redio. Alitutangazia barabara zilizofungwa, na kwamba maji ya bomba tusiyanywe. Stergios alimletea kahawa mwenyewe. Alitaka kutufafanulia habari, lakini Bibi alimwomba awaache watu wasikie.

Vaios alikuwa akikwepa macho ya mama yake. Mwishoni mama yake alichoka.

"Sema tu," alimwambia mbele yetu sote. "Tulikubaliana niwe wa kwanza kutoka. Nimekuwa wa mwisho."

Vaios alitutazama. Alimtazama mkewe, na wale watoto waliolala juu ya makoti. Kisha akaongeza kuni kwenye jiko.

Siku ya tatu redio ilitangaza kwamba njia ni salama. Tulishuka na makoleo. Katika nyumba ya Bibi Evdoxia matope yalikuwa yameacha alama mpya ukutani, kiganja kimoja juu ya ile ya zamani. Vaios aliingia na nyundo. Alipigilia msumari mkubwa, juu kabisa ya alama zote mbili.

"Nipe redio, Mama," alisema.

Akaitundika hapo, akaiwasha, akachukua koleo. Habari za Larisa hajazitaja tena mpaka leo.