Gitaa la Mjomba Lina Miaka Mingapi?

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sisimizi alifagia sebule. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na nyumbani walimwita hivyo kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo lakini hatulii. Alifagia chini ya meza, nyuma ya mlango, na kuizunguka cherehani ya baba yake. Alipofika kwenye kochi tu, sauti ya mama ilitoka jikoni.

"Na hilo dude je? Lifute basi!"

"Usiliguse!" baba alijibu kutoka chumbani. "Vumbi hilo ni miaka!"

Dude lenyewe, lililolazwa juu ya kochi, lilikuwa gitaa la umeme, jekundu, lenye kutu kwenye skrubu zake. Mjomba, mdogo wake mama, aliliacha alipohamishwa kikazi. "Lifanyieni mnavyotaka," aliwaambia. Baba alikuwa amesikia kwamba magitaa ya zamani huuzwa ghali. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kupitisha kitambaa juu yake, maana aliamini kwamba likionekana la kale, bei itapanda.

"Wageni wakija wakae wapi?" mama aliuliza. "Juu ya cherehani?"

"Vumilia, mama watoto. Hilo ndilo jiko lako la gesi."

Hapo mama alikubali, akarudi kupuliza jiko lake. Moshi wa mkaa ulikuwa umemchosha macho na kifua. Sisimizi naye alikuwa na lake. Yeye alilitaka gitaa. Mjomba alikuwa amemfundisha kupiga, na kila jioni baba akiwa amekwenda kupeleka nguo za wateja, alilishika taratibu asifute vumbi, akalipiga polepole bila umeme. Hakumwambia mtu. Angesemaje, na mama anakohoa jikoni?

Majirani nao walizidisha balaa. Kinyozi aliingia, akalitazama, akatikisa kichwa kama daktari.

"Shemeji, hili lina miaka arobaini."

"Arobaini?" fundi viatu alimcheka. "Ongeza ishirini! Huoni kutu hiyo?"

"Kutu ya mwaka jana," mama alisema. "Lilisahauliwa dirishani, likanyeshewa."

Hakuna aliyemsikiliza. Kila aliyepita aliongeza miaka yake, mpaka gitaa likawazidi umri waliokuwa wakilikadiria. Mwishowe baba alitangaza kwamba kesho yake, Jumamosi, wangelipeleka kwa fundi wa redio na spika aliyejulikana kama Mama Spika. Huyo angewaambia umri na bei, kisha liuzwe.

Jioni hiyo Sisimizi alichukua bisibisi ya cherehani. Alifungua kifuniko kilichokuwa nyuma ya gitaa, kama alivyomwona mjomba akifanya, akavuta waya mmoja mpaka ukachomoka. Alirudisha skrubu zote. Gitaa bubu nani atalinunua? Litarudi nyumbani, alijiambia, nalo litakuwa langu.

Karakana ya Mama Spika ilikuwa chumba kimoja chembamba, kimejaa spika hadi darini. Mwanamke mwenyewe alikuwa na kalamu nywelani na kalamu nyingine mkononi, na alikuwa akiitafuta ya tatu.

"Shikamoo, mama," Sisimizi alisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Haya, baba, weka mgonjwa hapa. Lakini mbona mmemleta hajaoga?"

"Ni vumbi la asili hilo," baba alisema kwa fahari. "Wanasema lina miaka sitini."

"Wanasema akina nani?"

"Kinyozi na fundi viatu."

"Ahaa. Basi nami wateja wakija kunyolewa nitawanyoa."

Alilichomeka kwenye spika. Kimya. Alibadilisha waya. Kimya. Akabadilisha spika, akaigonga kwa kiganja, akalichukua gitaa la mteja mwingine akalijaribu. Hilo lililia mpaka kopo la skrubu likatikisika. Alirudi kwa jekundu. Kimya tena. Nje watu wawili walikuwa wakisubiri redio zao, na mmoja alianza kuguna.

"Limenichosha hili!" Mama Spika alisema. "Bei ya kitu cha umeme ni sauti yake, baba. Kwa nje naona ni gitaa rahisi. Nikianza kutafuta ugonjwa wake, kazi yangu itazidi bei yake."

"Na umri?"

"Umri uko ndani. Ila miaka sitini, sahau."

Baba alijifuta jasho. Wiki nzima alikuwa amegombana na mkewe kwa ajili ya kitu hiki. "Basi lichukue," alisema. "Livunje, utumie vipuri. Sitaki kuliona tena."

"Vifungio vya nyuzi vitanifaa," Mama Spika alisema, akalitupia kwenye boksi la vyuma chakavu.

"Usilivunje!" Sisimizi alipiga kelele. "Ni mimi! Nimechomoa waya!"

Hata aliyekuwa akiguna nje alichungulia mlangoni.

"Umefanya nini?" baba aliuliza.

"Nilichomoa waya jana. Ili lisinunuliwe. Ninalitaka mimi."

Mama Spika alilitoa gitaa kwenye boksi, akakifungua kifuniko. Waya ulikuwa ukining'inia. "Nimehangaika nusu asubuhi na spika zangu," alisema, "kumbe mchawi kakaa hapa kwenye kigoda ananitazama!" Aliupasha moto ule waya, akaushikiza kwa tone la risasi iliyoyeyushwa, akalichomeka gitaa tena. Akagusa uzi mmoja. Gitaa lilitoa sauti nene, safi.

Kisha akawaita wasogee. Mle ndani, chini ya kidude cha kuongezea sauti, palikuwa na tarakimu ndogo zilizogongwa kiwandani.

"Hizi zinasema mwaka kidude kilipotengenezwa. Gitaa haliwezi kuwa la zamani kuliko vitu vilivyomo ndani yake, na risasi hii ya kiwandani haijawahi kuguswa, isipokuwa kwa huyu mwizi wa waya. Lina miaka kumi na moja." Alimgeukia Sisimizi. "Ni mdogo wako."

"Na bei?" baba aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni la wanaoanza kujifunza. Yalitengenezwa kwa maelfu. Utapata jozi mbili za viatu vya shule, wala si vya ngozi."

"Jiko la gesi?"

"Labda kiberiti chake."

Baba aliketi juu ya spika, akajishika kichwa. Mama Spika alichukua kitambaa, akaanza kulifuta gitaa.

"Nyie wawili mmenipotezea muda kweli," alisema. "Baba umelipaka miaka isiyo yake, binti umelinyang'anya sauti iliyo yake. Mnataka nipime kitu, halafu mnanificha kitu chenyewe. Nawe binti, usijisifu kwa kukiri. Umesema ulipoona linavunjwa. Ningesema halifai likarudi nyumbani, ungenyamaza."

"Ndiyo, mama," Sisimizi alisema, machozi yakimtoka. "Naomba unisamehe."

"Jumamosi ijayo utakuja kunikunjia nyaya hizi zote. Asubuhi yangu irudi."

Njiani baba alilibeba gitaa begani. Walipokaribia nyumbani aliuliza:

"Kwa nini hukuniambia kwamba unalitaka?"

"Niliogopa ungekataa."

"Ningekataa!" baba alisema kwa ukali. "Wewe ungelia, mama yako angeingilia, tungegombana mpaka majirani watoke nje. Halafu tungelipima, tungeona halina bei, na ungelipata tangu mwanzo. Ukinificha neno, mwanangu, tunabaki tunagombana na kitu ambacho hakipo. Bora tugombane na cha kweli. Hicho kina mwisho."

Akasimama, akamkabidhi gitaa.

"Sasa ingia wewe kwanza, ukamweleze mama yako habari za jiko. Zote. Mimi niko nyuma yako."