Kibao cha Makaburini

Mpaka rangi wa mtaa wetu alikuwa na mkono mzuri. Akiandika "Saluni" ukutani, hata mwenye upara alitamani kuingia. Kusoma Kiswahili alijifunza ukubwani, kwa taabu. Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji. Lakini ofisi zetu zinapenda Kiingereza, sijui zinamwandikia nani. Basi mteja alileta karatasi, naye akanakili herufi moja moja, kama mtu anayechora maua.

Siku moja ofisi ya mji ilimpa kibao kikubwa akiandike. Mkewe, fundi cherehani, alikikuta kikikauka nje ya kibanda.

"Kinasema nini, Baba Watoto?"

"Mambo ya wakubwa hayo. Kingetuhusu sisi, si wangeandika kwa lugha yetu?"

Kibao kikasimamishwa kwenye lango la makaburi. Humo ndimo alimozikwa mama yake mpaka rangi. Yeye na mkewe walikwenda mara kwa mara kung'oa majani kaburini. Wakipita langoni, mke alimtania, "Mume wangu ana wateja hata kwa wafu!" Wakacheka, wakaingia.

Halafu siku moja wakaja wakakuta tingatinga. Upande mzima ulikuwa udongo mtupu. Kaburi halikuwepo.

"Jamani, mama yangu mmempeleka wapi?" mpaka rangi alipiga kelele.

Mke alikimbia kumwita jirani yao, mwalimu wa sekondari. Mwalimu alisimama mbele ya kibao, akasoma kimya. Uso ukambadilika.

"Ndugu yangu, wanasema barabara inapanuliwa. Kila mwenye kaburi afike ofisini, aonyeshe la kwake, lihamishwe kwa jina. Yasiyo na mwenyewe yatafukuliwa, na mifupa itazikwa pamoja, shimo moja. Muda wenyewe umeshapita."

"Hayo nimeandika mimi?"

Mwalimu aliinamisha kichwa.

"Mimi mwenyewe? Kwa mkono huu?"

Mtu mzima akakaa chini kwenye udongo, akalia.

Ofisini waliambiwa hakuna la kufanya, mifupa imeshachanganyika. Wakati wa kurudi, mwalimu aliwaeleza taratibu.

"Tangazo likiwekwa mahali unapokwenda, linakuhusu, hata kama lugha yake huijui. Usilipite. Tafuta mtu akusomee. Na msione haya kudai liandikwe kwa Kiswahili. Wanaotangaziwa ni sisi."

Maneno mazuri, lakini yalichelewa.

Hata hivyo mpaka rangi aliyashika. Upande wa pili wa makaburi nao ulikuwa unangoja kufukuliwa. Karani alipomletea karatasi ya kibao kipya, aliweka brashi chini.

"Kwanza niambie inasema nini. Halafu naandika Kiswahili juu, kwa herufi kubwa. Hutaki, tafuta mwingine."

Karani alinuna, lakini akakubali.

Safari hii watu walifurika ofisini. Kila ukoo ulionyesha kaburi lake na kumhamisha mtu wake. Mjane mmoja mzee akaja kibandani kushukuru.

"Mume wangu nimemzika upya, namjua alipo. Mungu akubariki, mwanangu. Na wa kwenu mmemweka wapi?"

Mpaka rangi aliinama, akaanza kuosha brashi yake. Mkewe akajibu kwa niaba yake.

"Mama, wetu yumo shimoni na wenzake wote. Tukienda, hatujui tusimame wapi."